Desa Halina Jina la Mwandishi

Maandishi yanayosomwa kuliko yote katika vyuo vikuu vyetu hayajawahi kuhakikiwa. Nazungumzia madesa. Kila aliyepita chuoni Tanzania analijua desa: kurasa kumi au ishirini za muhtasari wa kozi, kopi ya kopi mpaka herufi za pembeni zimeliwa, zinapatikana stesheneri ya nje ya geti au kwenye grupu la WhatsApp la darasa zikiwa picha zilizopigwa kiupande. Diwani ya mashairi ikichapwa nakala chache tu tunaiandikia uhakiki. Desa la historia ya Afrika Mashariki, ambalo limepita mikononi mwa watu wasiohesabika na kuchangia kuamua nani avae joho na nani arudi kwao na begi lake, tunalichukulia kama karatasi za kufungia karanga.

Mimi nimelisoma kama ninavyosoma andishi lolote lisilo la kubuni: linasemaje, linaacha nini, linamfanya nini msomaji wake. Muhula uliopita nilipewa vikundi vya semina za mwaka wa kwanza, kazi ambayo sisi wa uzamili hupewa, nikasahihisha majibu mengi yaliyozaliwa na desa moja. Na sasa naandika nikiwa Mkiwa, mkoani Singida, nilikokuja kukusanya masimulizi ya tasnifu yangu. Hapa desa lile linasomeka vingine kabisa.

Kwanza umbo lake. Mihadhara ni ya Kiingereza, kwa hiyo desa nalo ni la Kiingereza. Mifano ya hapa nimeigeuza mwenyewe. Kila sehemu huanza na neno la wingi: sababu, sifa, athari, mbinu, changamoto. Kisha zinafuata namba. Sababu tano za Waafrika kushindwa, athari saba za biashara ya masafa marefu. Mtindo huu tumeubeba kutoka sekondari, ambako jibu la historia ni utangulizi, hoja sita na hitimisho, na mtoto hufundishwa kuhesabu hoja kabla ya kuupima ushahidi. Vitenzi vyake havina mtendaji: ilisababishwa, ilidhoofishwa, ililetwa. Hakuna mwaka wa kitabu, hakuna aliyesema, hakuna "huenda". Ukilisoma kwa sauti linafanana na tangazo la serikali ya mtaa.

Sitaki kulionea. Desa ni kazi ya mshikamano. Darasa lina mamia ya watu, kitabu ni kimoja na hakiruhusiwi kutoka maktaba, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri anakaa mbele, anaandika, anawagawia wenzake. Anayelibeza desa hajawahi kukaa kwenye ngazi za ukumbi akisikia sauti ya mhadhiri inakuja na kupotea kwa sababu kipaza sauti kimekufa. Hofu nayo ni ya kweli. Kozi ina alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Ukianguka unakula sapu, sapu ikikushinda unakeri, mambo yakizidi unadisko, na ukidisko bumu limekatika na nyumbani walishauza mbuzi. Mtu aliye katika hali hiyo anatafuta kitu cha kushika, na desa linashikika. Wapo pia wanaolitumia vizuri sana, nitawataja.

Chukua ukurasa ambao kila mwanafunzi wa historia anaujua, ule wa namna Waafrika walivyoupokea ukoloni. Desa linagawa upinzani katika mafungu, wa awali na wa baadaye, wa silaha na usio wa silaha, kisha linaorodhesha umuhimu wake. Hoja ya tatu inasema kwamba upinzani ule wa mwanzo uliotesha mizizi ya utaifa ulioleta uhuru. Imeandikwa kwa utulivu uleule ambao mtu angeandika kwamba Ziwa Viktoria ni kubwa.

Lakini yupo mtu aliyeisema. Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia mwaka 1963 kwa kusimama na wazalendo dhidi ya utawala wa walowezi, alikuja Dar es Salaam akawa profesa wa kwanza wa historia katika chuo kilichokuwa bado kichanga. Mwaka 1968 alichapisha katika Journal of African History makala ya sehemu mbili akitetea kwamba upo uhusiano kati ya mapambano yale ya mwanzo na vyama vya uhuru vilivyokuja baadaye. Alikuwa anajibu. Walikuwepo waandishi waliodai kwamba waliopigana na wakoloni walikuwa watu waliong'ang'ania ya kale, na kwamba historia ya kisasa ilianza na wale waliokubali kushirikiana na mgeni. Ranger na wenzake, akina Isaria Kimambo na Arnold Temu waliohariri A History of Tanzania mwaka 1969, waliandika nchi ikiwa haijatimiza miaka kumi ya uhuru, na walikuwa na hamu ya kuipa nchi hiyo mababu wake. Ukijua hayo, hoja ya tatu inaanza kuwa na joto la mtu. Unaweza hata kuuliza kama ni kweli.

Na wapo waliouliza. Temu yuleyule, safari hii akiwa na Bonaventure Swai, mwaka 1981 walitoa Historians and Africanist History: A Critique, kitabu kinachoikosoa historia ya kizalendo kwa kutoyapa matabaka na uchumi uzito unaostahili. Mtu amesimama akabishana na meza aliyokuwa amekaa. Kwangu mimi hiki ni kisa cha kusisimua kuliko nusu ya riwaya nilizosoma mwaka huu, na kimepotea chote. Katika desa, hoja ya tatu ni ya Ranger, ya nne ni ya wanaomkosoa, na ya tano, kwamba Waafrika walishindwa kwa kukosa umoja, ina harufu ya ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Zote zimeunganishwa kwa neno "pia". Mwanafunzi anazikariri pamoja, anazimwaga pamoja kwenye mtihani, anapata C, na wala hashtuki kwamba amewalazimisha watu watatu wasioelewana waongee kwa mdomo mmoja.

Yaliyompata Walter Rodney ni mabaya zaidi. Alifundisha Dar es Salaam kwa vipindi viwili, cha pili kuanzia 1969 hadi 1974, baada ya serikali ya Jamaika kumzuia kurudi kwenye kazi yake huko Oktoba 1968. How Europe Underdeveloped Africa ilitoka mwaka 1972, London kwa Bogle-L'Ouverture na Dar es Salaam kwa Tanzania Publishing House. Fungua dibaji yake. Anawashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu, vijana wa Mlimani, kwa kuusoma mswada na kuukosoa. Hirji ni mmoja wa walioanzisha Cheche, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka 1970. Kisha Rodney anakataa kuandika ile sentensi ya adabu ya kila dibaji, kwamba makosa yote yaliyobaki ni yake peke yake; anaiona ni ubinafsi wa kibepari. Yaani hiki ni kitabu kilichojibiwa na waliokaa kwenye viti kabla hakijafika kiwandani. Mzee mzima anawaambia wanafunzi wake kwamba hata makosa ni yetu sote.

Desa limekifanya "sababu sita za Afrika kubaki nyuma". Rodney mwenyewe hayupo. Niliposahihisha semina nilikutana mara kadhaa na maneno "kwa mujibu wa historia, Ulaya ilichukua malighafi". Kwa mujibu wa historia! Historia imepewa kalamu, imekuwa mwandishi wa vitabu, na hakuna wa kumuuliza swali. Hata anayempinga Rodney, na wapo wengi wenye hoja nzuri, hana pa kumshika.

Sasa Mkiwa. Hapa ni njia panda. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida inapita, na hapa ndipo inapochepuka njia ya Itigi, Rungwa na hatimaye Mbeya. Malori yanapunguza mwendo, madereva wananunua mafuta ya alizeti, wanaendelea. Wenzangu chuoni walilisoma jina hili kwa Kiswahili, mkiwa, mtu aliyebaki peke yake duniani, wakanitania mwaka mzima. Upande wa kusini, kuelekea Itigi, ndiko kulikokuwa na Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Katika maandishi yao ni mahali pa kupita mbiombio: maji haba, chakula hakuna, vichaka vya miiba.

Desa nalo linapita mbiombio, haraka kuliko Stanley. Ukurasa wa biashara ya masafa marefu unasema Wanyamwezi walikuwa wapagazi, unataja pembe, nguo na shanga, unahesabu athari. Hapo napo pamefukiwa ugomvi. Wasafiri wa Ulaya waliwaandika wapagazi kama kundi la watu wa kusukumwa, na wasomaji wengi wa baadaye wakawachanganya na watumwa. Stephen Rockel, katika Carriers of Culture cha mwaka 2006, anawaona wapagazi wengi kuwa wafanyakazi wa ujira, wenye ufundi wao, taratibu zao za safari, migomo yao na fahari yao. Mtu wa huku ana sababu ya kulijali swali hilo. Ukisimama saa saba mchana kwenye vichaka vya Itigi utajiuliza ni nani angekubali kulivuka pori hili na frasila mbili begani kama hakuwa na malipo anayoyadai mbele ya safari, na utajiuliza pia ni wangapi hawakuulizwa kama wanakubali. Maswali hayo mawili yanavutana, na insha ya kurasa nane inaweza kuishi kwa kuyavutanisha tu.

Halafu kuna Liti. Wapenzi wa mpira wanalijua jina: uwanja wa Singida uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa Liti, na mtangazaji wa mechi moja ya Ligi Kuu hulitamka mara nyingi kuliko nilivyolisikia kwa muhula mzima wa kozi iliyoitwa ya historia ya nchi yetu. Liti ni mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwaongoza watu wake dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Simulizi inayopendwa zaidi mkoani ni kwamba aliwatumia nyuki. Mwaka 1969 Marguerite Jellicoe, mtafiti aliyefanya kazi miongoni mwa Wanyaturu, alichapisha katika Tanzania Notes and Records makala kuhusu vuguvugu lao la mwaka 1908.

Jaribu kuliingiza vuguvugu hilo ndani ya desa. Ni upinzani wa awali? Wajerumani walikuwa na boma Kilimatinde tangu miaka ya 1890; hawakuwa wageni tena. Ni tawi la Majimaji? Vita vile vya 1905 hadi 1907 vilikuwa vya kusini na mashariki, na vilikuwa vimeshazimwa. Anaingia kwenye orodha ya mashujaa? Orodha ni Abushiri, Mkwawa, Meli, Kinjeketile, wanaume watupu. Na wale nyuki utawaweka wapi? Desa lina njia mbili tu: kuwafuta kwa kuwa ni hekaya, au kuwaandika kama bunduki, "walitumia silaha za jadi, mfano nyuki". Kazi ya mwanahistoria iko katikati. Nani anasimulia habari za nyuki, tangu lini? Taarifa za Wajerumani zinasema nini kuhusu siku hizo? Na kwa nini watu wa nchi inayosifika kwa asali waikumbuke vita yao kwa sura hiyo na si nyingine? Hata kama hakuna nyuki aliyemuuma askari, swali la mwisho linabaki na linahitaji jibu.

Anayeona haya ni makubwa kwa mwaka wa kwanza aangalie nyuma. Mwaka 1968, ule ule wa makala ya Ranger, wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda makwao wakati wa likizo kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji, na kazi zao zikawa hazina ambayo watafiti bado wanaitumia. Modern Tanzanians, kitabu alichohariri John Iliffe mwaka 1973, kina insha za wanafunzi kuhusu maisha ya watu mmoja mmoja. Gilbert Gwassa alikuwa akikusanya masimulizi ya Umatumbi kipindi kilekile ambacho Ebrahim Hussein alikuwa akiandika Kinjeketile, na Hussein katika utangulizi anamtenganisha wazi Kinjeketile wa jukwaani na yule wa historia. Fikiria hilo: mtunzi wa tamthilia, ambaye hakuna angemlaumu kwa kubuni, anatuambia kipi amekitoa wapi. Karatasi inayojiita historia haituambii.

Nilisema wapo wanaolitumia desa vizuri. Nililonalo mimi liliwahi kuwa la mtu niliyepokezana naye chumba hosteli. Simjui, aliliacha chini ya godoro. Pembeni mwa kila ukurasa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili. "Huyu anambishia yule wa wiki ya pili." "Nani kasema?" "Mbona kule kwetu hawakushindwa hivi?" Mahali palipoandikwa kwa Kiingereza neno la upinzani, yeye ameandika maneno manne juu yake, vita, uasi, fujo, ukaidi, akayakata matatu na kuacha vita. Kwa hukumu yangu huo ndio uhakiki bora wa historia nilioupata chuoni. Mwalimu wake ni kimbweta. Ukumbini tunasikia Kiingereza na kunakili. Kwenye kimbweta usiku lazima umweleze mwenzako kwa Kiswahili, na Kiswahili hakikuachi upite na neno moja pana. Afisa wa Kijerumani aliandika uasi. Ukisema vita umeshachagua upande, na mwenzako atakuuliza kwa nini. Nimeanza kuamini kwamba mtu hujua historia yake pale tu anapolazimika kuchagua neno hilo.

Hayo yanaleta alama pia, tusidanganyane kwamba watu wanasoma kwa mapenzi tu. Chukua pasti pepa za kozi yoyote ya historia. Maswali mengi yanasema jadili, tathmini, unakubaliana kwa kiasi gani. Desa linajibu taja. Msahihishaji mwenye rundo la karatasi mia mbili akikutana na jibu la mia moja na kumi linalosema nani alidai hivi, mwaka gani, akimjibu nani, na mfano gani unamtia shaka, anakaa vizuri kwenye kiti. Najua, nimekaa kwenye kiti hicho. Hoja tatu za namna hiyo zinazishinda sita za orodha. Mfano si lazima uwe Mkwawa. Ukiwa wa kwenu na umeupatia chanzo, ni bora zaidi, kwa sababu mkononi mwa msahihishaji ni mpya.

Kinachonikosesha usingizi si GPA ya mtu. Wengi wanaosoma kozi hizi wanasomea ualimu. Baada ya miaka mitatu wataripoti sekondari za kata, Ikungi, Manyoni, Mkalama, wakiwa na begi na desa lile lile, na watalisoma ubaoni kwa watoto ambao bibi zao wana habari za Liti vichwani. Mtoto atanakili kwamba Waafrika walishindwa kwa sababu tano. Akirudi nyumbani hataona kama alichosikia kwa bibi kinahusiana na alichonakili, na bibi hatakuwepo milele.

Wiki ya mwisho ya semina nilileta aya mbili kwenye karatasi moja, ya juu kutoka kwenye desa, ya chini muhtasari wangu wa habari za 1908, nikawaomba watafute katika kila moja nani anaongea. Ya chini waliimaliza kwa dakika kumi na kuanza kugombania nyuki. Ya juu waliitazama kimya kwa muda mrefu. Kisha kijana mmoja wa Manyoni akanyoosha mkono.

"Dada, samahani. Tukiandika hivi kwenye UE, tutapata?"

Nikamwomba atoe pasti pepa ya mwaka uliopita, anisomee swali la pili. Akasoma. Nikamwomba arudie neno la kwanza.

"Jadili," akasema, akalipigia mstari.